Mwaka Nilioshindana na Baba Mkwe

Mimi sina kifua, na sijawahi kudai ninacho. Jambo likiniudhi linatoka mdomoni hapohapo. Ndiyo maana nilijikuta nagombea uenyekiti wa kitongoji dhidi ya baba mkwe wangu, mzazi wa mume wangu, mtu ambaye kwa desturi za nyumba yetu sitakiwi hata kulitaja jina lake.

Ilianza na barua. Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya chuo, akatakiwa apeleke barua ya utambulisho yenye mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alikuwa huyo mzee, tangu siku naletwa pale bibi harusi. Tukaandika barua, akagonga mhuri, tukaenda nayo hadi wilayani, Ikungi. Dada wa mapokezi akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mama, hii imegongwa miguu juu. Tena juu ya jina la mwombaji. Rudini."

Nilifoka njia nzima. Nilipofika barazani kwa mzee nikapiga magoti, shikamoo baba, marahaba mkwe, nikamweleza. Akasema, "Mhuri ni mhuri. Hao wa wilayani wana maringo." Nikaaga nikaondoka, maana baba mkwe hajibiwi. Lakini kisimani, mbele ya wanawake wenzangu, nani wa kuninyamazisha? Nikasema, "Kazi yenyewe ya kugonga mhuri tu! Hata mimi naiweza!"

Mweh! Kumbe wale wanawake walikuwa wanangoja neno hilo. Kabla wiki haijaisha chama cha upande wa pili, ambacho kilikuwa kinahangaika kutafuta mgombea, kilikuwa na fomu yenye jina langu.

Mume wangu tulimweka pabaya. Nikimuuliza atampa nani, anasema kura ni siri. Baba yake akimuuliza, kura ni siri. Akawa mtu wa kuangalia mbuzi kuliko mbuzi wenyewe walivyohitaji. Na mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo chakula cha mzee kilitoka jikoni kwangu. Kampeni nzima nimempikia mpinzani wangu ugali wa uwele na mlenda, moto moto, tena kwa wakati. Jirani mmoja alinishauri niwe nachelewesha kidogo siku za mikutano, ili akose nguvu za kuhutubia. Nilimfukuza, ingawa sitasema kwamba sikulifikiria.

Mikutano ilifanyika kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Nikianza tu kupamba moto, mzee anaingia na kigoda chake, anakaa mstari wa mbele. Makusudi! Mkwe hasimami mbele ya baba mkwe aliyekaa kabla hajamwamkia, basi naacha hotuba, nakwenda kupiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Haya, endelea kunisema."

Watu hoi. Na mimi naendelea, nasema mwenzangu huyu amekaa muda mrefu, na vijana wa nyuma wanapiga kelele, "Mwenzako nani? Mtaje!" Nimtaje vipi, jamani? Nikasema, "Babu wa wanangu!" Wakaitikia uwanja mzima, "Kura kwa babu!" Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini na mimi nilikuwa na silaha yangu. Nilikuwa naiinua ile barua ya binti yangu, naishika miguu juu, nawaambia hivi ndivyo kitongoji chetu kinavyosomwa wilayani. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee naye alicheka. Zamu yake ya kuhutubia ilikuwa maneno mawili, "Mimi mnanijua," halafu anakaa.

Siku ya kura tulipigia darasani, shule ya msingi. Nilishapiga yangu, nikawa nimekaa karibu na mlango na wanawake wangu, tunahesabu nyuso. Mzee akaja na koti lake la kanisani. Msimamizi, mwalimu wa palepale, akampa karatasi. Mzee akaileta karibu na pua. Akaisogeza mbali. Akairudisha puani.

"Nataka mtu wa kunisaidia," akasema.

"Sawa, mzee. Chagua unayemwamini."

Mume wangu akaanza kusogea. Mzee akasema, "Mkwe wangu. Huyo anayegombea."

Wee! Wakala wake aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Haiwezekani! Huyo si ndiye mpinzani!" Msimamizi akafungua kijitabu chake cha kanuni, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, jasho linamtoka. Hakuona pa kukataza. Mwisho akasema mzee mwenyewe ndiye aliyechagua, aachwe.

Kituturi cha kupigia kura kilikuwa dawati lililozungushiwa maboksi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika maisha kusimama bega kwa bega na baba mkwe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mkwe, karatasi hii naiona nyeupe tu."

"Tangu lini, baba?"

"Siku nyingi. Watu nawajua kwa sauti."

Masikio yangu yakawaka moto. Barua ile niliyoinua mikutano yote, nikawachekesha watu nayo! Mzee alikuwa amekaa mbele pale, anacheka na wenzake kitu ambacho hakioni. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, mtaniambia nipumzike. Nikipumzika, nani atakuja barazani kwangu? Mama yenu hayupo. Wanaokuja wanafuata barua."

"Sasa si ungemwita mwanao?"

"Mwanangu atanionea huruma. Kesho ataanza kunishika mkono njiani, watu waone. Wewe una hasira na mimi. Hutanishika mkono."

Nikashika kalamu. "Niweke wapi, baba?"

"Kwangu! Kwani nimekuja kucheza hapa?"

Haki ya Mungu, kalamu ilisimama juu ya jina langu. Nilikuwa naitaka ile nafasi, jamani, nisijifanye malaika. Nilishaona nitakavyoishika kazi, nilishachagua hadi gauni la kuapia. Na hakuna ambaye angejua, hata yeye. Nikaweka alama ya vema kwake. Nikaikunja karatasi, nikamwelekeza kwenye sanduku kwa maneno tu, kushoto kidogo, mbele, hapo.

Alinishinda kwa kura moja.

Wanawake wangu walichachamaa. "Kura moja! Nani huyo aliyetuangusha?" Walipitisha majina ya kitongoji kizima, nyumba kwa nyumba, na mimi nimenyamaza katikati yao, mimi, ambaye sijawahi kunyamaza. Nilikwenda nyuma ya choo cha shule nikalia. Nililia kwa hasira, siyo kwa huruma. Huruma ilikuja baadaye.

Kesho yake nilimpelekea uji nikakuta benchi limejaa watu. Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake. Kila barua nikaisoma kwa sauti, nikidai eti wananchi wana haki ya kusikia, na kidole changu kikawa kinapiga karatasi ko-ko-ko mahali pa kugonga. Anasikia, anagonga. Watu wakasema mkwe ametia akili, amejirudi. Niliwaacha waseme. Tulikwenda hivyo kipindi chote, na wilayani hawakurudisha barua hata moja.

Uchaguzi uliofuata hakuchukua fomu. Alitangaza kwamba amechoshwa na shida zetu. Nikagombea, nikapata, na nilikosa raha ya kampeni kwa sababu hakukuwa na wa kunikatisha.

Sasa haoni kabisa, na kila mtu anajua. Wajumbe walitaka nihamishie ofisi kwenye chumba karibu na shule, kina bati jipya na meza. Nimekataa. Ofisi iko barazani kwa baba mkwe, na anayenitaka mimi anaanza kwake. Shikamoo, marahaba, wewe wa nani, mama yako mguu umepona, alizeti mmepanda? Mtu mmoja anaweza kula nusu saa. Nalalamika, nagombeza, nawaambia serikali haiendeshwi hivi, lakini simruki.

Zipo siku hakuna mwenye shida ya barua. Inafika saa nne, benchi tupu, mzee kageuza sikio upande wa njia. Siku hizo namtuma mume wangu azunguke kwa nyuma, aje kuomba barua ya utambulisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wewe tena? Unasafiri kwenda wapi kila wiki?"

"Singida mjini, baba."

"Haya, kaa hapo. Subiri zamu yako."

Mume wangu anakaa, benchi zima lake peke yake, anasubiri.