Shahidi wa Pili Aitwa Tena

Karatasi ya kuitwa kortini ililetwa kwa pikipiki nikiwa napepeta mpunga. Afisa aliyeileta alikuwa mtu mzuri, lazima niseme. Alikataa maji, lakini alikaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza kuisoma, maana niliishia darasa la sita na maandishi ya serikali hunichelewesha. Aliponiona narudia mstari mmoja mara ya tatu akanihurumia.

"Mama, ni ile kesi ya shemeji yako. Inaanza upya."

"Inaanza upya vipi? Si mtu alifungwa?"

"Alifungwa. Korti ya rufaa imesema hakusikizwa sawasawa. Na wewe ndiye shahidi mkubwa."

Jikoni mwiko ulikuwa ukigonga sufuria. Ukanyamaza. Huyo ni mdogo wangu, mjane wa huyo shemeji aliyeuawa, ambaye tunaishi boma moja tangu msiba. Alitoka na unga mikononi akamwambia afisa, "Mwandikie kabisa kwamba atakuja. Dada yangu alimwona kwa macho yake."

Afisa aliniangalia mimi. Nikatia sahihi.

Naandika haya kwenye daftari kwa sababu sijiamini nikisema kwa mdomo. Kwa mdomo mtu huvutwa na anayemsikiliza. Basi niweke kwanza yaliyotokea, bila kuongeza.

Shamba letu la mpunga liko Idsowe, karibu na malka, ile njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni. Mpunga ukianza kutoa maziwa, wanawake tunapanda madungu kufukuza ndege, kila mtu jukwaa lake la miti, tumepangana mstari. Kazi ni ndege, lakini tunazuia na ng'ombe pia wasiingie. Wafugaji, hawa Waorma, tunawajua, tena wengine ni marafiki wa tangu wazazi wetu, wa kubadilishana maziwa kwa mahindi. Sasa ukiwa juu ya dungu mtu humwoni, yuko nyuma ya kundi na matete yamemfunika. Unachokiona ni ng'ombe wa mbele. Kila kundi lina maksai wake wa kuongoza, na sisi tunamwita mwenye kundi kwa huyo maksai. Ukimwona maksai mwekundu wa pembe iliyoinama, unapaza sauti kwa dungu la jirani, "Mwenye Mwekundu huyo anakuja!" Jirani naye anapitisha kwa mwingine. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote na hatukuwahi kupotoshana.

Siku ile jua lilikuwa limeshika miti ya ng'ambo. Maksai mwekundu aliingia mpungani. Nikapaza sauti kama kawaida: Mwenye Mwekundu huyo! Shemeji alikuwa chini, akakimbilia upande ule na fimbo. Nikasikia watu wanajibizana. Niliona shuka ya miraba, niliona mkono juu na panga, nikaona shemeji hayuko tena pale aliposimama. Yule wa shuka akazama kwenye matete. Nilipofika, shemeji hakuweza kumtaja aliyemkata. Alifia kwenye mikono yangu, na mdogo wangu alitukuta hivyo.

Polisi walipoandika maelezo yangu waliniuliza, "Ulimwona nani?" Nikasema Mwenye Mwekundu. "Yaani fulani?" Ndiyo, huyo. "Ulimwona?" Nilimwona. Afisa aliandika nilivyosema, hakuniongezea hata nukta, siwezi kumsingizia. Na kortini jaji aliniuliza kama nilimwona vizuri, nikasema vizuri. Yeye mshtakiwa alikaa kizimbani akitazama vidole vyake. Siku ile mkalimani wa Kiorma hakufika, na karani mmoja akasema huyu Kiswahili anakijua, si huuza maziwa sokoni? Nilikuwepo nikasikia. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mimi mwenyewe nilishanunua maziwa kwake kwa Kiswahili. Wakili aliyewekewa na serikali aliniuliza maswali mawili tu. Ikaja hukumu ya kifo. Jaji alisema sheria haimwachii nafasi nyingine. Mdogo wangu alilia kwa kuridhika, mimi nikalia pia, sijui kwa nini.

Siku chache baada ya ile karatasi nilikwenda Garsen, kwa msichana wa saiba, pale pa kompyuta za kulipia, nikamwomba anitolee uamuzi wa korti ya rufaa. Ulikuwa wa Kiingereza. Kuna mwalimu mstaafu tunasali naye, akanisomea polepole akigeuza kwa Kiswahili. Jina langu hamna mle, naitwa shahidi wa pili. Majaji walisema mtu hawezi kushtakiwa kwa lugha ambayo haifuati, na kumbukumbu za korti hazikuonyesha kama aliyaelewa niliyoyasema. Walisema hata adhabu ilitolewa bila yeye kupewa nafasi ya kujieleza. Kisha wakanijia mimi. Shahidi alikuwa mbali kiasi gani? Mwanga ulikuwaje? Alimtazama kwa muda gani? Alimtambua kwa kitu gani, kwa uso au kwa kitu kingine? Hakuna aliyemuuliza. Wakasema hata mtu anayemtambua nduguye hukosea.

Mwalimu alivua miwani. "Hawajasema umedanganya."

"Wamesema nini basi?"

"Wamesema hawajui ulichokiona. Na wanataka uende ukawaambie."

Nilirudi nyumbani na lile swali la uso. Uso nilikuwa nao. Nikifumba macho naona shuka, naona mkono, halafu anageuka na ni yeye, jicho la kushoto limesinyaa kidogo. Sokoni nilimjua, ndiyo, lakini lile jicho linalonigeukia hivyo nililiona lini? Nilipojaribu kufuata nyuma, nilifika kizimbani. Pale aliinua macho kutoka vidoleni akanitazama mara moja. Kabla ya hapo, dunguni, shuka ilikuwa inageuka na juu yake hamna kitu. Nikaogopa. Na nikaogopa zaidi kwamba labda ni huu woga ndio unanifutia uso, maana tangu habari za rufaa zienee kuna pikipiki ilikuwa inapita mbele ya boma letu jua likizama, inapunguza mwendo, halafu inakwenda. Inawezekana ilikuwa ya mtu wa boda tu, anakwepa mashimo. Barabara yetu ina mashimo kweli.

Nikamwambia mdogo wangu. Nilimficha siku mbili, nikashindwa.

"Wewe!" akasema. "Umezeeka umeanza kuota mchana?"

"Naogopa kuapa kitu nisichokijua."

"Uliapa mara ya kwanza ukala na pilau. Sasa leo ndio umekuwa mtakatifu?" Kisha akatafuta kanga yake. "Twende. Panda dungu lako. Mimi nitasimama palepale alipoangukia mume wangu, saa ileile. Kama hunioni, nenda ukawaambie hunioni."

Tulikwenda. Msimu ulikuwa umefika hatua ileile, mpunga kiunoni. Nikapanda. Yeye akatembea, akawa mdogo, akafika, akasimama. Jua lilikuwa kwenye miti. Akapiga kelele, "Unaniona?"

Nikamwona. Nilimwona ni yeye, sikuwa na shaka hata kidogo. Nikakaza macho. Nikaona kanga nyekundu na njano, nikaona bega lake la kulia ambalo huwa linashuka. Nikatafuta uso. Sikujua hata kama amenipa mgongo. Nikashuka nikaenda mpaka pale, na kadiri nilivyokaribia ndivyo nilivyoona kwamba alikuwa amenielekea muda wote, na machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka shingoni.

"Si umeniona?" akasema. "Niambie umeniona."

"Nilijua ni wewe."

"Basi! Si ndiyo hiyo hiyo?"

Tulirudi yeye mbele mimi nyuma, na usiku ule alipika chakula chake peke yake.

Jumamosi mama wa mshtakiwa alinikuta sokoni Garsen. Zamani nilikuwa nampelekea mahindi, ananipa maziwa kwenye kibuyu cha kusuka, na alikuwa akinitania kwamba mahindi yangu yana vumbi zaidi ya punje. Safari hii alishika ndizi nilizokuwa nauza, akazirudisha.

"Za siku nyingi, mke mwenzangu," akasema. Huo ndio utani wetu wa tangu ujana.

"Nzuri. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upo. Sikuja kukuomba kitu. Nataka ujue tu, mwezi ule wa msiba ng'ombe hawakuwa mkononi mwa mwanangu. Alikuwa na homa. Tulimpa mtu wa kulipwa awachunge, mtu wa kutoka mbali. Mwanangu alitaka kulisema hilo kortini, maneno yakamshinda."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Alichukua malipo yake akaondoka. Huonekana huku wakati wa ukame."

Mtu aliyekuwa akinunua vitunguu pembeni alikuwa ameacha kuchagua. Mama yule akamwona, akafunika kichwa, akaenda zake. Nami sikujua kama nimetenda kosa kuongea naye. Tena mama ni mama, atasema nini kingine? Labda ni kweli, labda ametunga. Sikutaka kuliamini kwa sababu linanifaa, wala kulikataa kwa sababu linanitisha.

Jumanne ya kesi ilifika. Safari hii mkalimani alikuwepo, amekaa bega kwa bega na mshtakiwa, na kila sentensi yangu ilisimama ikangoja mpaka iingie Kiorma. Mimi Kiorma nakisikia. Nilisikia maneno yangu yakienda vilevile, na nikaona jinsi mshtakiwa anavyoinua kichwa. Amekonda. Jicho la kushoto limesinyaa kweli.

Mwendesha mashtaka, mama mmoja mpole, akaniuliza nilimwona nani.

"Mheshimiwa, nilimwona maksai mwekundu."

Mwendesha mashtaka akanisogelea. "Mtu je?"

"Niliona shuka na mkono. Uso sikuuona. Nilisema nimemwona yeye kwa sababu sisi huku ukiona maksai wake unasema umemwona mwenyewe. Sikujua kama korti inahitaji uso."

Nyuma yangu benchi liligonga. Sikuhitaji kugeuka kujua ni mdogo wangu amesimama. Upande wa pili nikasikia mama yake mshtakiwa anamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, na hapo nikajua siwezi kukomea hapo.

"Kuna jingine halijaulizwa," nikasema. "Wiki moja kabla ya siku ile, mchana, pale malka, mshtakiwa alimwambia shemeji yangu kwamba akifunga njia ya ng'ombe tena watakutana. Huo mchana nilikuwa karibu naye kama nilivyo na karani huyu. Uso niliuona."

Mkalimani akalipitisha. Ile sauti ya kumshukuru Mungu ikakatika. Mshtakiwa aliniangalia, na sikuweza kulisoma lile jicho lina nini. Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akanishukuru, akasema kesi itaendelea na mashahidi wengine, uamuzi utakuja baadaye. Sijui utakuwa upi. Nimewapa nusu mbili zisizokutana.

Nje, mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta wa korti. Nilitarajia matusi. Aliongea taratibu kuliko nilivyomzoea.

"Kama ni yeye, ataachiwa kwa mdomo wako. Kama si yeye, basi aliyemkata mume wangu yuko nje miaka yote hii. Na alikusikia ukipaza sauti dunguni, anajua ni nani aliyeona. Hilo umelifikiria, dada?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria kiapo tu.

Alikwenda kupanda gari bila kunisubiri. Nikiwa nimesimama pale, afisa kijana alinijia na daftari lake, akasema wanataka kujua ninakoishi siku hizi na ni nani ninayekaa naye nyumbani, ikiwa watanihitaji tena. Nilimtajia kijiji, nikamtajia na upande wa barabara, na kwamba huenda sasa nikawa peke yangu. Ndipo nikatazama kando. Watu wa pande zote mbili walikuwa bado wamejaa uani, na wengine nisiowajua, na nilikuwa nimesema kwa sauti.