Mume wa Jukwaani

Miaka nenda rudi Epifania amekuwa mke wa Paschal kwenye maigizo ya ukumbi wa parokia, Kahama. Paschal, kijana, hujipaka unga kichwani awe mzee, kisha hugombana naye mpaka watu wanashika mbavu. Mwaka huu Paschal akamuoa Dorika, binti wa Epifania. Sasa ni mkwe, na kwa Wasukuma mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Siku ya mazoezi aligeukia ukuta, na pale pa kufoka, "Mke wangu, chakula kiko wapi?" akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Epifania akajibu, akaketi kwa uchovu. "Basi tuseme mume wangu amefariki."

Siku ya onyesho, kilio cha mjane hakikumpa taabu. Tangu harusi ile, hakuna aliyemchekesha tena.