Nilisema Kiwanja Kiko Wazi

Mwenye kosa ni mimi. Naanza hivyo kwa sababu mwaka mzima na zaidi nimeisimulia habari hii mwenye kosa akiwa mtu mwingine, na nimeisimulia vizuri mpaka watu wakanipa pole.

Jina langu liache. Mimi ni mtu wa Biharamulo, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Nilikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege, cha changarawe, kisicho na mnara wala uzio. Ndege mbili kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Usicheke, ndugu yangu. Rubani akitaka kuondoka Mwanza ananipigia simu, nami natakiwa nipande baiskeli niende mpaka mwisho wa kiwanja na kurudi, nifukuze ng'ombe, nitoe mawe, nitoe watu. Akikaribia ananiuliza kwenye redio ya upepo, ndipo namjibu.

Watu wenyewe ni akina mama wa udaga, ule muhogo wa kusaga unga wa ugali. Muhogo ukishavundikwa unataka pahali pagumu, pakavu, penye jua la kutwa, na kwetu pahali pa namna hiyo ni pale kiwanjani tu. Ilikatazwa. Mimi niliruhusu. Tulikuwa na utaratibu wetu: nikipuliza filimbi, kila mama anazoa udaga wake anatoka.

Mama yangu mzazi naye alikuwa anaanika. Nilimpa mwenyewe kule mwisho kabisa, asisukumane na wenzake. Sasa, mama hasikii vizuri. Filimbi kwake ni bure, lazima nimfikie nimguse bega. Na kile kiwanja kina mwinuko katikati, ukiwa kibandani kwangu huoni upande wa pili. Yote hayo nilikuwa nayajua.

Siku hiyo rubani alipopiga simu, baiskeli nilikuwa nimemwazima shemeji yangu aende mnadani. Kutembea kwa miguu hadi kule na kurudi, kwenye jua lile, nikaona taabu. Mama alikuwa ameamka analalamika goti, nikajiambia leo hakuja. Nikapuliza filimbi, akina mama wa upande wangu wakazoa, nikaketi. Uvivu, hakuna jina lingine.

Rubani yule nilimzoea. Kijana mpole, akitua lazima aulize hali ya nyumbani. Kawaida yake kabla ya kutua hupita juu ya kiwanja mara moja, chini chini, ajionee mwenyewe. Lakini mvua ilikuwa inakuja kwa kasi kutoka upande wa Ngara, anga limeshakuwa jeusi.

"Kaka, wingu linanifukuza," akasema kwenye redio. "Nikiingia moja kwa moja bila kuzunguka, pako salama?"

"Ingia, kapteni. Kiko wazi."

Nimeweka redio chini, jirani yetu mmoja ananitazama, kiroba chake kichwani. "Na mama yako umeshamtoa?"

"Mama si yuko nyumbani? Goti linamsumbua."

"Tumekuja naye asubuhi."

Ndugu yangu, nikaruka. Nikaikamata redio nikabonyeza, na maneno yakapotea. Kilichonitoka ni "Mama" mara mbili, basi. Nilitakiwa kusema "Zunguka." Neno moja tu, ningelisema angenyanyua ndege. Sikulisema. Ndege ikapita mbele yangu matairi yameshagusa, vumbi likanifunika, nikaanza kukimbia nyuma yake kama mwendawazimu.

Ilipovuka mwinuko sikuiona tena. Nikasikia injini imenguruma vibaya, kisha mlio wa mabati yanapokunjwa, kisha kimya. Nilikimbia nikiomba ule mwinuko usiishe. Kweli tena, sikutaka kufika juu. Miguu inakwenda na mimi nataka isifike.

Nikafika. Ndege ilikuwa imelala mtaroni, bawa moja limevunjika. Mama ameketi katikati ya kiwanja, udaga umemwagika pande zote, ameshika kiroba kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya. Mzima. Alama ya tairi ilipita karibu naye kiasi kwamba hata leo sipendi kueleza. Kijana wa watu alikata kona ili kumkwepa.

Abiria wawili walitoka wakitambaa, wameumia kidogo. Rubani tulimtoa sisi. Uso damu tupu, mguu umepinda pasipopinda mguu. Aliponiona alisema jambo moja tu: "Yule mama mzima?"

Wachunguzi walipokuja, rubani alikuwa hospitali, kagonga kichwa, ikasemekana hakumbuki kitu. Wakaniuliza mimi: alikuuliza hali ya kiwanja? Nikaona kazi inakwenda, nikaona pingu, nikaona wanangu wakiniletea chakula rumande. Nikasema, "Nilimwambia azunguke kwanza, kuna watu. Hakunisikiliza." Nikatia sahihi, wakanipa pole.

Akina mama wa udaga hakuna aliyewauliza, ikaandikwa ni kosa la rubani. Urubani ukaishia hapo, na mguu haukurudi sawa.

Kilichofuata ndicho kilichonimaliza. Akaanza kunipigia simu kila Jumapili mchana. "Kaka, habari za huko? Nipe mama nimsalimie." Namwekea mama sikioni, anapaza sauti, "Shikamoo mama," na mama anacheka, "Marahaba baba, mguu unaendeleaje?" Akirudi kwangu anasema, "Haya kaka, una lolote?" Nami najibu sina. Kila wiki najua ndiyo leo, amekumbuka, atanisema mbele ya mama.

Kazi niliacha mwenyewe, kila wingu likitanda nasikia mabati yakikunjwa. Mwezi uliopita nikashindwa. Alipouliza "Una lolote?", nikamwambia. Nikamwambia yote: baiskeli, jua, uvivu, karatasi niliyotia sahihi.

Akasema taratibu, "Nakumbuka. Nilikumbuka nikiwa bado wodini."

"Kwa nini hukusema, kapteni?"

"Kuzunguka ni kazi yangu mimi, hata ungeniambia nini. Sikuzunguka, nikakubali kosa. Ila nilitaka useme mwenyewe. Nimekupigia kila Jumapili useme mwenyewe."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitakwenda kwa wakubwa nikabadilishe maelezo.

"Nenda," akasema. "Lakini mimi nimechoka, kaka. Msalimie mama." Akakata.

Maelezo nimekwenda kuyabadilisha, nasubiri kuitwa, na naogopa, sikufichi. Ninachoogopa zaidi ni Jumapili. Simu hailii. Mama anavuta kigoda karibu yangu, anauliza, "Yule kijana leo kanisahau?" Namjibu mtandao mbaya. Mtu mzima mimi, nimetubu kwa wakubwa, na bado namdanganya mama yangu, kwa sababu nikisema kweli atajua ni nani nusura amuue kwa uvivu.

Wewe unayesoma, kama kazi yako ni kumwambia mwenzako njia ni salama, iwe ya ndege, ya gari, hata ya pikipiki, usimjibu kwa kudhani. Nenda ukakanyage mwisho wake. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, wakati uliyemkosea bado anakupigia simu.