Vichwa Juu

Saa mbili asubuhi, Mama Vipepeo anaingia kwenye banda lake la chandarua, anatoka, anaingia tena. Mkononi ana ubao mrefu. Vifuko vya vipepeo vimebandikwa juu yake kwa gundi, safu kwa safu.

"Nani kabandika hivi?" anauliza, ingawa jibu analijua.

"Si uliniambia nikusaidie?" anajibu mumewe, fundi cherehani, futi kamba shingoni. "Nimevipanga vizuri, vichwa juu."

"Vichwa juu! Mume wangu, umenimaliza!"

Kipepeo akitoka kifukoni, mabawa huwa mabichi, yamejikunja kama nguo iliyokamuliwa. Lazima aning'inie ili yanyooke kabla hayajakauka. Kifuko kikiwa kichwa juu, anatokea kwa juu, hana pa kushika, anaporomoka. Yakikauka na mikunjo yake, basi tena, haruki maisha yake yote.

Na leo ndiyo siku yao. Ngozi za vifuko zimekuwa nyembamba, rangi za mabawa zinaonekana kwa ndani. Mchana litakuja gari la bustani ya vioo, ambako watu huenda kutazama vipepeo. Mzigo uliopita ulivamiwa na sisimizi. Mwenye bustani alisema wazi kwamba huu nao ukiharibika, atatafuta mfugaji mwingine.

"Miaka kumi na miwili nakimbizana nao," anasema mama huyo, akibandua kifuko kwa ukucha ili akigeuze. "Yai dogo kama punje ya haradali. Likianguliwa, kiwavi anakula hashibi, anajivua ngozi, anakula tena. Akijifunga kifukoni unasema sasa nitapumzika. Wapi!"

Kifuko kinachanika. Cha pili pia. Cha tatu. Lo! Machozi yanamlenga.

"Mke wangu," anasema fundi taratibu, "kwani tukigeuza ubao?"

Mama Vipepeo anamtazama, anautazama ubao. Kisha anacheka kwa aibu, kicheko cha kujifuta machozi. Wanaugeuza, wanauning'iniza. Haupiti muda, ngozi ya kwanza inapasuka. Vinatangulia vipapasio viwili, kichwa, kifua na miguu sita. Tumbo linakwama. Fundi ananyoosha kidole.

"Usimguse! Ukimvuta utamlemaza."

Fundi anarudisha mkono, anachutama hapo hapo bila kupepesa. Kipepeo anajisukuma mpaka anachomoka, ananing'inia, mabawa yanaanza kunyooka. Mkewe keshahamia safu nyingine.

Gari linakuja, linaondoka na mzigo. Watatu tu ndio waliopotea, wale wale ambao Mama Vipepeo mwenyewe aliwachana kwa ukucha.

Sasa anataka kujenga banda la pili, na analo jina la msimamizi. Ananyoosha kidevu kuelekea cherehani inakosikika.

"Yule ana subira. Mimi nawapenda, Mungu anajua, lakini mikono yangu ina haraka. Hawa wanamtaka mtu kama yeye."

Ameshamwambia mumewe?

"Bado," anasema, akiokota vipande vya gundi chini. "Naogopa atakubali, nami nibaki wa kuokota gundi."