Nchi Nne Nilizozikariri kwa Mpangilio

Huu mkasa nimeuficha mwaka mzima, na hata sasa nikiusimulia masikio yananiwaka, kwa hiyo nicheke kwanza mwenyewe kabla hamjanicheka nyie.

Nilikuwa naosha vyombo kwenye loji moja hapa Karatu. Asubuhi meneja akauliza, "Nani anajua Kihispania?" na mimi, kwa maneno kama kumi niliyookota kwenye simu (mengi ni salamu), nikanyoosha mkono. Akasema jioni wanakuja wageni wanne wanaotoka kutazama wanyama kreta, kila mmoja na nchi yake, niwapokee kwa Kihispania, na nikifanya vizuri naachana na masufuria, naanza kufundishwa kuongoza watalii. Palepale nikampigia mama kule Daa, mama akaiambia kwaya nzima.

Nikatafuta majina ya nchi, nikayakariri kwa kuimba kama tulivyokariri mikoa shuleni, nikifuata karatasi ya meneja yenye orodha ya wageni: España (ndiyo Uhispania), Estados Unidos (Marekani), Chile, Argentina. Matamshi safi, naapa!

Gari likafika. Utaratibu wetu ni kumvisha mgeni shuka begani, kutaja nchi yake kwa sauti, wenzangu wanaitikia kwa wimbo. Sasa kwetu kijana hamtangulii mzee, kwa hiyo dereva akamshusha kwanza bibi mmoja mwenye mvi, ambaye kwenye karatasi alikuwa wa mwisho. Nikamvisha shuka. "España!" Wenzangu, "España, eeeh!"

Bibi akatikisa kichwa. "No, no. Argentina."

Hapo ningesema Argentina, yakaisha. Lakini jamani, Argentina kichwani mwangu ilikuwa mwisho wa wimbo, siifikii bila kupita zile tatu! Nikaanza upya kwa sauti, España, Estados Unidos, wenzangu wakidhani ndiyo wimbo wenyewe wakaitikia kila moja, wa jikoni wakaongeza vigelegele, Mmarekani kusikia kwao akaja kuinamia shuka, nikamvisha huku mdomo umeshafika Chile, na wa Chile alipokuja mbio nikamvisha Argentina, bibi akabaki amesimama pale hana nchi.

"Emanuel!" meneja akasema. "Nyamaza. Nyamaza kabisa."

Bibi akanionea huruma. Akanishika mkono, akaniuliza kitu polepole, sikuelewa hata neno.

"Anauliza, wewe je, kwenu nchi gani?" dereva akanitafsiria.

Kwetu sikuwa nimekukariri. Nilijua wanavyoita nchi za watu, sikujua wanatuitaje sisi, ikabidi dereva anijibie mbele ya wote: "Tanzania." Bibi akarudia, "Tanzania," hivyohivyo, kama tunavyosema sisi.

Nililia stoo, siwafichi. Nikarudi kwenye masufuria, nafasi akapewa mwingine, na mama bado anaulizwa kanisani nimeanza lini. Nimeapa: nikijifunza tena lugha ya watu, neno la kwanza litakuwa jina la kwetu. Ila sidhani kama kuna atakayeniuliza tena.