Mtu wa Dizeli na Kabati la Gesi

Ebeneza Mtewele alikuwa na viganja visivyosikia. Miaka kumi na saba ya kuvilaza juu ya injini ya dizeli ilivitia ganzi, kwanza ncha za vidole, kisha vidole vyenyewe, kisha kiganja kizima. Mwishowe ikawa mkewe Dorika ndiye anayempimia maji ya kuoga yasije yakamuunguza. Hakulalamika. Alisema kila kazi ina alama yake. Mchoma mkaa ana macho mekundu, yeye ana viganja.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1982, katika kiwanda cha umma cha kukamua mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji wa Njombe, kando ya barabara iendayo Makambako. Umeme wa kiwanda ulitoka kwenye injini moja kubwa ya kijani, na kuiamsha asubuhi za Njombe hakukuwa mchezo. Kila alfajiri Ebeneza aliwasha jiko la mkaa, akalisukuma chini ya tumbo la injini ili oili iliyoganda ilegee, akangoja robo saa, ndipo akaiwasha. Ikishanguruma aliilaza mikono yote miwili ubavuni, akanyamaza. Kwa njia hiyo aliweza kusema ni silinda gani inakosa, na ni boliti ipi imelegea, kabla fundi hajafungua kisanduku cha spana. Ganzi ilipomaliza viganja, alihamia kwenye kiwiko.

Mwaka 1993 serikali ilipokuwa ikijitoa kwenye viwanda, wafanyakazi walisomewa majina uwanjani, wakapewa barua, wakaenda zao. Ebeneza aliikunja yake, akaitia mfukoni, akatembea hadi nyumbani, akalala mchana kutwa. Dorika alingoja aone kama atalia au atatukana. Hakufanya lolote.

Miaka miwili baadaye kiwanda kilinunuliwa na Hassani Mrisho, mfanyabiashara wa Makambako mwenye asili ya Kondoa, aliyekuwa na malori matatu na duka la jumla. Mafundi aliokuja nao walishinda siku mbili na ile injini wasifue dafu. Mtu mmoja akasema yuko mzee anayejua lugha yake. Ebeneza aliletwa akiwa na jembe begani, akaomba mkaa, na kabla ya saa moja kupita injini ikawa inanguruma. Toka hapo watu wakasema Hassani kanunua injini, kapewa Ebeneza nyongeza.

Tatizo likaja kuwa mafuta. Chumba cha injini kilipakana na chumba cha kukamulia, na moshi ulipenya kila upenyo. Wanunuzi wa Dar es Salaam walifungua madebe, wakanusa, wakayafunga tena. Walisema alizeti ya Njombe ni nzuri, ila inanuka gereji. Hassani alipandisha bomba la moshi, akaziba nyufa kwa saruji, lakini harufu ikabaki pale pale.

Ndipo, katikati ya Juni 2001, lori lilipoleta kitu kirefu cha rangi ya kijivu. Pamoja nacho alikuja Safina, injinia wa kampuni iliyokuwa ikikijaribu, binti wa Tanga mwenye hijabu ya buluu na buti za kazi. Kitu chenyewe kilikuwa turbini ndogo ya gesi. Wakati wafanyakazi wakikishusha, Hassani alikizunguka mara mbili.

"Hii ndiyo mashine, au umeniletea kabati la nguo?"

"Ndiyo yenyewe, mzee," Safina alijibu. "Gesi inaungua ndani, inasukuma gurudumu dogo kama sahani, gurudumu linazalisha umeme. Linazunguka mara elfu tisini na sita kwa dakika."

"Elfu tisini na sita!" mpakiaji mmoja alidakia. "Ebeneza akianza kuzihesabu leo, anamaliza akiwa marehemu."

Walicheka. Ebeneza hakucheka, alikuwa na swali.

"Inakula oili lita ngapi?"

"Hailambi hata tone, baba. Gurudumu linaelea juu ya hewa. Na moshi wake ni msafi, ni joto tupu. Tutalipitisha kwenye bomba likaushe mbegu kabla ya kukamuliwa."

Baadaye Safina alimwona Ebeneza ameegemeza kiwiko kwenye ubavu wa mashine, kichwa amekiinamisha.

"Utaiwasha saa ngapi?" Ebeneza aliuliza.

"Imewaka dakika tano zilizopita, baba."

Akaondoa kiwiko.

Jioni ile Hassani alimwita pembeni. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Ebeneza, sikufichi. Nimepewa mashine hii kwa majaribio mpaka mwisho wa Julai. Ikinipa umeme kuanzia saa kumi na mbili asubuhi bila kukatika, dizeli naiuza, na kabati halihitaji mtu wa kulikalia. Ikishindwa, inarudi ilikotoka, na wewe unabaki na dizeli, mzee mwenzio. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, tajiri."

Safina alimfundisha kufungua mitungi minne ya gesi iliyosimama nje, ndani ya kizimba cha wavu, na kubonyeza vitufe viwili. Alimweleza kwamba ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, hugeuka hewa inapotoka. Akampa daftari la kuandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima, kisha akarudi Dar es Salaam.

Asubuhi iliyofuata turbini ilifanya kazi dakika ishirini, ikazimika yenyewe. Ebeneza akatia mkaa, akaamsha dizeli. Saa nne, jua lilipokwishapanda, alibonyeza tena vile vitufe, na mashine ikaenda hadi jioni bila kikohozi. Kesho yake ikawa vile vile. Keshokutwa vile vile.

Hassani alikuja kutoka Makambako akiwa amevaa koti juu ya koti, akatoa uamuzi. "Ina baridi. Umfanyie huyu kama unavyomfanyia mzee."

"Imetoka Ulaya, tajiri," mpakiaji alisema. "Kule kuna theluji."

"Ulaya hawalazi mashine nje ya nyumba zao. Mtie moto, mfunike."

Ebeneza alifanya alivyoagizwa. Aliweka jiko la mkaa chini ya turbini, akaifunika kwa mablanketi mawili mazito, kama Wabena wanavyomfunika mzazi aliyejifungua wakati wa kipupwe. Siku hiyo haikufika hata dakika ishirini. Ilizima baada ya dakika saba, kwa sababu blanketi lilikuwa limeziba matundu ya kuvutia hewa. Kesho yake akaifunika upande mmoja tu, ikarudi kwenye ishirini.

Ijumaa ya kwanza ya Julai kulikuwa na umande ulioganda kwenye majani. Mashine ilizima kama kawaida. Ebeneza alinawa masizi, akaenda kizimbani kufunga mitungi, mikono ikiwa bado mibichi. Alishika koki ya kwanza, akaizungusha, akavuta mkono. Kitu kilibaki. Alitazama, akaona kipande cha ngozi kimenata kwenye shaba, na kiganja chake chekundu kama nyama ya buchani. Hakusikia maumivu. Ndipo alipoona kwamba mtungi wote, kuanzia kiunoni kwenda chini, ulikuwa mweupe kwa barafu.

Kabati halikuwa na baridi. Kabati lilikuwa na njaa. Mitungi ndiyo iliyokuwa na baridi. Gesi ilikuwa humo ndani, imelala kwenye sakafu ya mtungi, haina nguvu ya kunyanyuka mpaka jua liiguse. Kule Dar es Salaam walikoijaribu hakuna asubuhi ya namna hii.

Alifunga mkono kwa kitambaa, akaenda kuamsha dizeli. Kwenye daftari akaandika: *Saa 12:25, imezima. Sababu haijulikani.* Waliomuuliza habari za mkono aliwaambia ameunguzwa na bomba la moshi.

Nyumbani Dorika alikifungua kitambaa, akakitazama kidonda chini ya dirisha.

"Baba Jasmine, huu si moto. Moto hutoa malengelenge. Hapa umechunwa."

"Ni baridi."

"Baridi ya wapi inayochuna watu?"

Akamweleza yote, kwa sauti ile ile ambayo angemwelezea bei ya chumvi. Dorika alipaka mafuta, akafunga kitambaa kingine, hana haraka.

"Tajiri anajua?"

"Hajaniuliza."

"Na akijua, ndiyo mwisho wako."

"Ndiyo."

"Julai imebaki wiki tatu na siku kidogo," Dorika alisema.

Safina alirudi siku tano kabla ya mwezi kuisha. Kwa heshima ya mgeni, Hassani alimlaza kwake Makambako, kwa mkewe Bibie, na kila siku akamleta Njombe kwa gari lake baada ya chai. Walifika saa nne, jua limepanda, mitungi imekauka, mashine inafanya kazi. Siku ya kwanza alichokiona cha ajabu kilikuwa jiko.

"Nani kaweka moto hapa?"

"Mimi," Ebeneza alisema.

"Baba! Hatua sita kutoka kwenye gesi! Mngeruka nyote, mkaokotwa Lupembe kwenye mashamba ya chai!"

"Tajiri aliagiza."

"Na haya mablanketi?"

"Tajiri."

Hassani alikohoa. "Nilidhani linaumwa."

Safina alipima nyaya, akapima mpira wa gesi, akachomoa kichujio, akakipuliza, akakirudisha. Siku tatu alitafuta ugonjwa kwa mgonjwa aliyekuwa mzima. Siku ya nne alasiri akaanza kufungua boliti za msingi.

"Kesho lori linakuja," alisema bila kumtazama mtu. "Nitaandika kwamba imeshindwa. Wataniuliza imeshindwa na nini, sina la kujibu. Nipe spana ya kumi na tisa, baba."

Ebeneza alimpa. Safina hakuipokea. Alikuwa akitazama kiganja: ngozi mpya ya waridi, imekatika kwa mstari ulionyooka.

"Umefanywa nini hapa?"

Kiwanda kizima kilikuwa kimeshajibiwa swali hilo. Bomba la moshi. Maneno matatu, na yalikuwa tayari mdomoni.

"Nilishika mtungi."

"Ulikuwa wa moto?"

"Ulikuwa mweupe."

Safina alikaa juu ya kisanduku cha spana. Aligeuza macho yake hadi kizimbani, akayarudisha. "Asubuhi," alisema. "Mimi sijawahi kuwa hapa asubuhi."

"Hapana."

"Ulijua tangu lini?"

"Ijumaa ya kwanza."

"Na hukusema."

"Uliniuliza mashine inafanyaje. Mitungi hukuiuliza."

Safina alikuwa ameshasikia kwa Bibie habari za dizeli na za mtu wake. "Baba, unajua nikiitengeneza hii—"

"Najua."

"Sasa nitaipashaje moto bila moto?"

"Maji," Ebeneza alisema. "Pasua pipa, isimamishe mitungi ndani. Maji ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yasizidi hapo."

Usiku huo Safina hakwenda Makambako. Alilala kwa Dorika. Saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yamechemshwa kwa kuni, mbali na kizimba, yakapunguzwa makali kwa ya baridi. Ebeneza alikunja mkono wa ovaroli, akazamisha kiwiko, akasema bado, akaongeza ndoo moja ya baridi, akazamisha tena. Saa kumi na mbili kamili alibonyeza vitufe viwili. Dakika ya ishirini ikapita. Dakika ya arobaini Safina alicheka peke yake, akaziba mdomo. Mashine haikuzima mpaka walipoizima wenyewe jioni. Siku ya mwisho ya Julai ikawa vile vile, na mafuta ya siku hizo mbili yalinuka alizeti tu.

Safina alimwomba Hassani ambakize mzee kwa kazi ya maji.

"Kazi ya maji?" Hassani alisema. "Mlinzi yupo, analala na koti lake hapo getini, hana kazi. Mtapitisha bomba la lile joto, maji yapashwe yenyewe. Sivyo ulivyoniambia jana?"

Ndivyo alivyokuwa amemwambia.

Dizeli ilichukuliwa na mpasuaji mbao wa Mlangali, anaitwa Silvesta Haule, mtu mnene aliyekuja na lori na vijana wanane wa kunyanyua. Ebeneza alishinda naye nusu siku akimwonyesha: mkaa kiasi gani, kungoja muda gani, silinda ya tatu ina tabia gani. Silvesta alikuwa akiitikia kwa kichwa, lakini hashiki lolote.

"Mzee, mimi sitaiweza hii," alisema mwishowe. "Njoo nayo. Nyumba ipo, ya mbao, ina vyumba viwili."

"Nitamuuliza mama watoto."

Hassani alimshukuru mbele ya watu, akampa debe la mafuta yasiyonuka. Ebeneza alilibeba hadi nyumbani, akalitua mlangoni.

"Ungenyamaza siku mbili tu," Dorika alisema.

"Ndiyo."

"Ulimwonea huruma yule binti?"

"Hapana."

"Ulimwogopa Mungu?"

Ebeneza alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la kanisani. "Hata hilo halikunijia. Aliuliza, nikajibu."

Dorika alifungua debe, akachovya kidole, akaonja. Akalifunika.

"Huko Mlangali wanalima nini?"

"Mahindi na maharage."

"Kama hapa."

"Kama hapa."

"Mwambie tunakuja baada ya Jumapili," alisema, akaingia ndani kutafuta kamba za kufungia vyombo.