Panya Aliyenizidi Kimo

Niliondoka Upanga kwa hasira. Kwetu tulizaliwa paka watano, wote madume, na mimi, Punje, nilikuwa mdogo kuliko wote. Siku hiyo kaka zangu walinichezea kama mpira mpaka nikachoka. Nikawaambia naenda Kariakoo kukamata panya mkubwa, niwaletee hapa hapa, ndipo watanijua. Walicheka hadi mmoja akadondoka kutoka ukutani.

Asubuhi hiyo hiyo nilikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja katikati ya miguu ya wapita njia. Kila kiatu kilikuwa kikubwa kuliko mimi.

Saa nne nikaingia Kariakoo. "Pisha! Mzigo huo!" akapiga kelele msukuma mkokoteni. Nikaruka pembeni, nikatumbukia mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, maji yakanibeba. Kila nilipong'ang'ania ukingo, makucha yaliteleza. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Mara meno yakanishika shingoni, nikavutwa juu. Kugeuka, panya! Alikuwa mara mbili yangu. Nikasahau kabisa kilichonileta.

"Shi... shikamoo," nikasema nikitetemeka.

Akanitumbulia macho. "Marahaba, mwanangu. Tangu nizaliwe sijawahi kuamkiwa na paka." Jina lake Mzee Shomari, na nilimwona akifuta chozi.

Tulikuwa bado tunajikausha chini ya meza ya Mama Mwajuma, muuza samaki, alipomwona Shomari na kunyanyua ufagio. Mzee wa watu alikuwa hoi, hana mbio. Sijui ujasiri niliupata wapi: nilisimama mbele yake, manyoya wima, nikamfokea yule mama.

Ufagio ukashuka. "Makubwa haya! Jamani njooni muone, paka anamlinda panya!" Mama Mwajuma akacheka hadi akakaa chini, kisha akatutupia kichwa cha kibua. Tukala pamoja.

Jioni Shomari akanisindikiza hadi Upanga. Tulipoingia uani nikaita, "Jamani, nimekuja na mgeni!"

Kaka zangu walitazama mara moja tu. Wawili wakaparamia paa la banda, wawili wakajibana nyuma ya pipa.

"Kwenu kumetulia sana," akasema Shomari. "Wenyeji wako wapi?"

Nilitaka kucheka. Lakini nikaona mikia minne inavyotetemeka, nikajua kumbe hata wao ni wadogo tu, kama mimi kule mtaroni.

"Shukeni," nikawaambia. "Haumi. Ni rafiki yangu."